Sahani ya Mwisho ya Maganga

Maganga,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua. Niliiona ikifukiwa, na mimi mwenyewe nilitupa makoleo matatu ya udongo, moja kwa heshima na mawili kwa hamu. Kwa hiyo hali tuiache. Nyumbani kwako hawajambo. Yule mbuzi wako mweusi kafa, si kwa huzuni, alikula kamba. Paa la jikoni linavuja palepale ulipoapa kuziba kila mwaka tangu urudi vitani. Suruali zako zimegawiwa, na sasa kuna wanaume wanne hapa Tabora wanaotembea wakizivuta juu, maana tumbo la kuzishika ulikuwa nalo wewe peke yako.

Nakuandikia habari ya sahani ya santuri. Unajua ni ipi.

Arobaini yako ilikuwa jana. Wiki mbili kabla, mkeo Kalunde alikuja hadi kibarazani kwangu Chemchem, pale ninaposhonea, akakaa mkekani bila kukaribishwa. Akasema, "Shemeji, sahani imevunjika, basi. Lakini wewe ulikuwepo siku ile alipoimba. Maneno unayajua. Siku ya arobaini utatuimbia, angalau nisikie mapito ya wimbo wake."

Nikaendelea kukanyaga cherehani ingawa uzi ulikuwa umekatika. Nilishona hewa tupu, Maganga, mshono mrefu kabisa. Maana wewe na mimi tulijua, na sasa najua mimi peke yangu, kwamba sauti iliyokuwa kwenye sahani ile haikuwa yako. Ilikuwa yangu. Kalunde aliipenda sauti yangu akaolewa na wewe.

Nikiimba atanitambua. Nisipoimba atauliza kwa nini. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani siku kumi na nne, na nimekaa leo kukueleza yalivyokwisha. Lakini itabidi nianzie mbali kidogo, kwa sababu habari hii ulikuwa unaisimulia vibaya, na hapo ulipo huwezi kunikatiza.

Unakumbuka baraza la Baba Sindano, kule Kanyenye? Yule Mhindi aliyeuza baiskeli, taa, na zile sindano za gramafoni ndani ya vikopo vidogo kama vya ugoro. Jina lake la kweli hatukuwahi kuliuliza. Siku za Jumamosi alitoa gramafoni nje, akaigeuza iangalie barabara, nasi tukasimama hapo tangu adhuhuri, mguu mmoja chini na mmoja ukutani, kama korongo waliovaa suruali. Hatukununua kitu. Baba Sindano alitufukuza kila wiki, na wiki ambayo hatukuja alituma mtu kutuulizia.

Muziki ule, Maganga! Mimi si mtu wa kulia, lakini sijasikia tena kitu kama kile, na ninasikiliza kila kitu. Nyimbo zilikuja kutoka ng'ambo, kwa lugha ambayo hakuna mtu Tabora nzima aliyeijua. Tulizikariri hivyohivyo, sauti kwa sauti. Mimi nilisema ni Kireno. Wewe ulisema ni Kilatini, kwa kuwa ulikuwa ukitumikia misa, na Kilatini ulikijua kiasi cha kutokielewa. Tukaimba tusichokijua kwa uchungu mkubwa. Nadhani kama tungeambiwa maana yake tungeacha. Pengine ilikuwa ni habari ya mtu aliyepoteza punda.

Na kamani, ile springi inayoizungusha sahani, ilipokwisha nguvu, sauti ya yule mwimbaji ilianza kuzama. Alianza kijana, akawa mzee, akawa nyati. Watu wote barazani wakapiga kelele, "Mtie nguvu! Mtie nguvu!" Baba Sindano akakimbilia kuzungusha mkono wa gramafoni, na nyati akapanda tena akawa kijana. Hakuna furaha niliyoiona baadaye iliyofanana na hiyo, na wewe uliwahi kuona Wajapani wakisalimu amri.

Tukaanzisha chama chetu cha dansi. Gita moja la nyuzi tatu, ngoma kubwa moja, mimi na kopo la siagi nililolijaza kokoto za reli. Wewe mbele. Ulikuwa mbele kwa sababu ya viatu. Viatu vyako vilikuwa vyeusi, ukavipaka chaki ya shule ya misheni hadi vikawa vyeupe, na kila ulipoupiga mguu chini wingu dogo lilipanda. Wasichana walidhani ni moshi wa ustadi. Kwenye kucheza sina neno, ulikuwa unacheza. Kuimba uliimba kama mtu anayemwita ng'ombe wake aliyevuka mto, lakini dansini, kwenye vumbi na makelele, nani husikiliza? Na mimi nilikuwa nikiimba nyuma yako, chini kwa chini, nikikushikilia kama mtu anavyomshika mlevi kwenye mkanda.

Halafu akaja yule fundi wa Kizungu na mashine zake. Alishuka kwenye treni ya kutoka pwani akiwa na masanduku manane, na Baba Sindano akampa bohari lake nyuma ya duka. Wakazungushia kuta magunia ya karanga ili sauti isitoroke. Baba Sindano alikwisha andika jina letu kwenye orodha tangu wiki iliyotangulia: Maganga na wenzake. Wenzako tulikuwa watatu.

Siku ile ulipaka chaki mara mbili. Ulipaka na mafuta kichwani, yakateremka hadi kwenye kola. Tukaambiwa tusimame, tusikohoe, na kidole cha fundi kikishuka tuanze. Kidole kikashuka. Gita likaanza, ngoma ikaanza, kopo likaanza. Wewe ukafungua kinywa mbele ya kile kichuma cha kunasia sauti, hapakutoka kitu. Ulifungua na kufunga kama samaki aliyeletwa Tabora kwa treni ya Kigoma. Fundi akatupa ile sahani ya nta aliyokuwa akichorea sauti. Mara ya pili ulitoa sauti ndogo ya bawaba. Akatupa na hiyo. Baba Sindano akatupasha maneno ya fundi: "Moja tu iliyobaki. Kama hawezi, tupisheni, wazee wa ngoma ya asili wanangoja nje."

Mara ya tatu kidole kiliposhuka, niliimba mimi. Sikupanga. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na kopo mkononi, na ule wimbo nilikuwa nimeutunga mwenyewe, nikaona wimbo unakwenda kufa bure. *Mwenye viatu vya chaki, usikanyage umande, asubuhi itakuumbua.* Na kile kibwagizo cha Kireno, au Kilatini chako. Niliimba hadi mwisho bila kupumua mahali pa kupumulia. Na wewe mbele yangu ulifungua na kufunga kinywa bila kutoa sauti, ukitikisa kichwa penye huzuni. Katika hilo ulikuwa hodari sana.

Nje ulinishika mkono, mkono wako una baridi kama chura. "Athumani, mtani wangu, usiseme. Tukirudia mara nyingine nitaimba mimi."

Hatukurudia mara nyingine.

Sahani zilikuja baada ya miezi mingi, ndani ya sanduku la majani makavu. Nyingi zilikuwa zimepasuka njiani, tukapata tano nzima. Wakati huo nilikuwa sijui kusoma. Nikakuuliza pale katikati pameandikwa nini, ukanisomea: jina la wimbo, halafu "Maganga na wenzake". Nikaikodolea macho ile karatasi nyekundu ya duara siku baada ya siku hadi herufi zikaanza kunijibu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma, sikuwa na mwalimu mwingine. Neno la kwanza nililosoma duniani ni jina lako, mahali ambapo lingekaa la kwangu.

Na Jumamosi ya kwanza baada ya sahani kufika, Kalunde akapita. Alikuwa anatoka kwao Itetemia na kapu la uyoga kichwani. Baba Sindano alikuwa ameiweka sahani yetu. Msichana akasimama. Akatua kapu chini, barabarani, baiskeli zikawa zinalikwepa. Alisikiliza wimbo wote. Ulipokwisha akauliza, hakumwuliza mtu hasa, "Nani huyu anayeimba?"

Baba Sindano akanyoosha kidole kwako. Nawe ukainamisha kichwa kama askofu. "Ni mimi, dada."

Akakutazama kutoka kichwani hadi viatuni, akarudi juu. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wewe, Maganga. Harufu ya uyoga niliisikia. Nilikuwa nimeshika kopo.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Sijui kama unauliza, lakini nina haki ya kujibu. Kwanza nilikuwa nimekuahidi. Pili, ningemwambia nani? Mimi Mzaramo, wewe Mnyamwezi. Babu zetu walikutana kwenye njia ya misafara, wa kwako akibeba pembe kwenda pwani, wa kwangu akija bara akidhani atarudi. Walitukanana njia nzima ili mizigo iwe myepesi, na utani huo ndio urithi tuliouachiwa. Tangu nakufahamu nimekuwa nikisema babu yako alipofika pwani aliitia sukari bahari. Na wewe ukisema babu yangu alikuja Tabora kufuata wali, akakuta viazi vikavu, akaona haya kurudi. Basi mtani wako akisimama hadharani aseme, "Huyu hakuimba, nimeimba mimi," nani atakoma kucheka amsikilize? Mtani haaminiki wala hakasirikiwi. Ndiyo kazi yake.

Nikanyamaza. Nikashona gauni la harusi yenu. Lilimkaa vizuri.

Jambo ambalo sikulitazamia ni kwamba utaanza kuamini. Mwaka wa kwanza ulipokuwa ukiipiga sahani ile mbele ya wageni ulinikonyeza. Mwaka wa pili ulitazama pembeni. Ulipotoka vitani, umenenepa jeshini, ambalo ni jambo la ajabu, ulikuwa ukiwasimulia watu jinsi askari wenzako walivyokuomba uwaimbie huko msituni Burma, nawe ukakataa kwa kuogopa adui asikie. Hapo nilikusifu kimoyomoyo, kwa sababu hata uwongo wako ulikuwa na tahadhari. Na siku moja, mbele ya Petro mwanao, ulinigeukia ukaniambia, "Athumani, pale penye umande watu hawajui kwamba mimi nilibana koo kidogo." Ukanionyesha koo. Mimi nikasema, "Naam." Nilikuwa nimekuja kupima suruali, mkanda wa kupimia ulikuwa umekuzunguka kiuno, na ninaapa niliukaza.

Petro naye simsamehe, ingawa ananiamkia vizuri. Siku hizi ana gita la umeme na bendi, wanapiga nyimbo za mtindo wa Kongo, na wasichana wanakatika kama wamekanyaga siafu. Siku ulipompigia sahani yetu alisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Baba, hapa nasikia mtu anakaanga karanga, na mwingine anaimba nyumba ya tatu." Ulikasirika juma zima. Mimi nilikasirika zaidi, ila sikuwa na haki.

Sahani nne zilikufa kabla yako. Moja iliyeyuka juani kwenye kapu la baiskeli, ikawa bakuli. Moja mama yako alifunikia chungu cha michembe, vile viazi vyenu vikavu. Mbili walikwenda nazo wageni waliosema watarudisha. Ikabaki moja, Kalunde akaifunga kwenye kanga na kuiweka sandukuni pamoja na cheti cha ndoa. Nilijua ilipo. Kila mtu alijua ilipo.

Ukafa. Homa siku nne, na siku ya tano ukaona haya kuendelea.

Mazishini nilikuja nikiwa mtani, kama ilivyo desturi, na nilifanya kazi safi. Nilivaa koti lako na viatu vyako vyeupe. Nilitembea mwendo wako, tumbo mbele kama karani anayechelewa. Wanawake waliokuwa wanalia walianza kucheka katikati ya kilio, wakawa wanatoa sauti ambazo hata Petro na umeme wake hawezi kuzitoa. Nikaingia chumbani kwako, nikafungua sanduku mbele ya macho ya wakwe zako, nikachukua sahani. Mtani ana ruhusa ya kuteka mali ya marehemu hadi akombolewe. Nilisema nataka kuku watatu na wali, kwa sababu babu yangu bado hajala. Nikaichomeka sahani mgongoni, ndani ya koti, nikatangulia makaburini.

Nikaingia kaburini mwako kabla yako. Padre alisimama na kitabu chake, akatazama saa, amekwisha tuzoea. Nikasema kaburi hili zuri mno, kwa nini apewe mtu aliyezoea kulalia michembe? Watu wakacheka. Nikasema tumbo halitapita, tuchimbe chumba cha pili. Wakacheka. Halafu sijui ni nini kilinipata, Maganga. Labda ni kule kukuona juu pale, umelala ndani ya sanduku, huwezi kuinamisha kichwa tena mbele ya mtu. Nikasema kwa sauti yangu yote, "Na huyu hakuimba! Mnanisikia? Ile sahani niliimba mimi! Huyu alikuwa anafungua mdomo tu!"

Hujapata kuchekwa hivyo ulipokuwa hai. Wazee walishikana mabega. Mmoja akalia, "Mzaramo amwache marehemu na sauti yake basi!" Kalunde, ambaye hakuwa amekula siku mbili, alicheka mpaka akakaa chini. Ukweli mmoja niliousema katika maisha yangu yote, nimeusema ndani ya shimo, na umependwa kuliko uwongo wangu wote.

Nikalala chali. Ndiyo desturi, mtani hulala, hukataa kutoka. Nikasikia mgongoni kitu kikisema *ta*. 

Juu wakashangilia, "Mifupa ya pwani hiyo!" Nikaingiza mkono ndani ya koti, nikatoa vipande. Nikamwona Kalunde anavitazama, kimoja, cha pili, cha tatu, na mkono wake umekwenda mdomoni. Na kisha, kwa kuwa mtani hakasirikiwi, akalazimisha kicheko. Alifanya kama anavyotakiwa. Nimesikia mambo mabaya maishani, lakini kibaya kama kicheko kile sikuwahi kukisikia.

Unataka kujua kama nilikusudia. Niliichomeka mwenyewe mgongoni, na nililala chali mwenyewe. Katikati ya mambo hayo mawili kuna kitu nimekitafuta siku arobaini, sijakipata. Kama ungekuwa hai ungeniuliza, na kwa mara ya kwanza ungekuwa na swali zuri.

Basi sasa unaelewa alipokuja kunikalia mkekani. Sikuwa na mahali pa kukimbilia. Na nikuambie lililo baya zaidi: baada ya siku tatu za kuogopa, nilianza kutaka. Nikajiambia, Athumani, hukwenda kumwambia mtu, umeombwa. Utafungua kinywa, na mwanamke huyu ambaye amesikiliza sahani ile zaidi ya miaka ishirini atasikia neno la kwanza tu, na atajua. Sitasema chochote. Sauti itasema. Wewe utabaki na koti na viatu.

Nilijitayarisha kama bwana harusi. Nikaacha ugoro. Nikanywa maji ya tangawizi na asali. Alfajiri nilitoka hadi nje ya mji, njia ya Itetemia, nikawaimbia miti na wanawake wawili waliokuwa wanakwenda kuokota kuni, ambao waliikimbia njia. Sauti ilikuja. Si ileile ya bohari, lakini ilikuja, nikaijua kama mtu anavyoijua nguo aliyoishona mwenyewe.

Jana, baada ya misa na chakula, Petro akatoa gita la kawaida, lisilo na waya. Akaniuliza, "Mtani mzee, nipige kwa ufunguo gani?" Nikamwambia, ule wa baba yako. Watu wakakaa uani. Kalunde alikaa mbele yangu kabisa, miguu ameikunja, macho ameyafumba. Nikaimba.

Niliimba vizuri, Maganga. Sikudanganyi, sina sababu. Penye umande nilibana koo, na nilibana kwa sababu ndivyo nilivyofanya siku ile, na wewe ulijifunza kutoka kwenye sahani. Nilipofika hapo nikaona midomo ya Kalunde inafunguka kidogo. Nikasema moyoni, sasa. Nikamaliza. Wanawake wakapiga vigelegele vya heshima. Yeye akafumbua macho, akayafuta kwa ncha ya kanga, akanitazama muda mrefu sana.

"Asante, shemeji," akasema. "Umejitahidi."

Nikangoja.

"Maneno ni yaleyale. Na mapito ni yaleyale, hata pale penye umande umeiga vizuri." Akatafuta maneno, unamjua, hapendi kumwumiza mtu. "Lakini sasa ndiyo nimejua hasa nilichopoteza. Wewe unaimba kama fundi anayepima nguo, kila kitu mahali pake. Mume wangu alikuwa anaimba kama mtu ambaye hajakosa kitu tangu azaliwe." Akanishika mkono. "Usiuimbe tena, shemeji, nakuomba. Ukiurudiarudia nitakuja kusahau sauti yake, nikumbuke yako."

Umesikia? Nimeshindwa kwa uimbaji na mvulana wa miaka kumi na saba mwenye kopo, mimi yule wa bohari. Amenishinda mbele ya watu, yule mjinga ambaye hakuwa amekosa kitu bado, na jina aliloshindia ni lako.

Nikasema. Ndiyo, nilisema, sitakuficha. Sikusimama, sikufanya mwendo wako, sikuwa na koti la mtu. Nilisema polepole, mkono wangu bado uko ndani ya mikono yake: "Kalunde, ni mimi niliyeimba. Tangu siku ile. Ni mimi."

Akanitazama. Midomo yake ikaanza kutetemeka, nikadhani analia. Kisha akaangua kicheko. "Jamani! Mpaka leo! Mpaka arobaini imekwisha, Mzaramo hajamwacha!" Akamwita Petro, akawaita wakwe, akawaambia nilivyosema na uso nilioufanya, na wote wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote, akanipigapiga goti. Hiki hakikuwa kile cha makaburini. Kilitoka chini kabisa, hakuna aliyemlazimisha. Petro ameniambia mama yake hajacheka hivyo tangu uugue. Jioni alikula. Akamwambia binti yake amwongeze mchuzi.

Nilirudi Chemchem kwa miguu, nikapita Kanyenye. Duka la Baba Sindano siku hizi ni la mtu mwingine, anauza redio, na redio ilikuwa inaimba, na vijana wamesimama mguu mmoja ukutani. Nikapita bila kusimama. Nikaona wananicheka, nikawaona wana haki.

Kwa hiyo nimekuja kukuaga, na ahadi zangu ni mbili, uzishike vizuri. Wimbo sitauimba tena, hata njiani, hata mbele ya waokota kuni. Nimemwahidi mkeo na ninakuahidi wewe. Ni wako sasa, pamoja na lile koo. Lakini ukweli nitaendelea kuusema. Kila tutakapokukumbuka nitakaa mbele ya Kalunde nimwambie kwamba niliimba mimi, naye atacheka, na akicheka atakula. Nitamwambia hadi nami nitakapotiwa shimoni. Huo utani hauhitaji sauti nzuri.

Lala, Maganga. Usikohoe.

Mtani wako,
Athumani